Walinichagulia vitabu vya likizo, wakanitajia na muuaji

Nilikuwa nimefika ukurasa wa 31. Simu ikaita, nikachukua ile kadi iliyokuja na kitabu nikaichomeka nisije nikapoteza nilipoishia, na jicho, bila kutumwa, likasoma mstari mmoja. Mmoja tu. Kitabu cha kurasa zaidi ya mia nne kikaniishia palepale.

Kwa ambao hamjawahi kuitumia, hii ni huduma ya kuchaguliwa vitabu. Unawaandikia ulichopenda, kilichokushinda, na una siku ngapi za kupumzika. Wanakutumia furushi la vitabu vinne, kila kimoja na kadi iliyoandikwa kwa mkono inayoeleza kwa nini wamekuchagulia wewe. Wenyewe wanaliita furushi la kiangazi, hata kama ulipo mvua haikatiki. Mengine yasomeni kwenye matangazo yao, mimi siwezi kuwafanyia kazi ya kujinadi.

Fomu yao niliijaza kwa moyo mweupe. Niliwaambia kwamba Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani, ndiye aliyenifundisha kusoma kwa kushuku. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, nimeirudia mara tatu, na kila nikiirudia namwonea wivu yule mimi wa mara ya kwanza, ambaye hakujua lolote. Mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: NATAKA KITABU CHA KUUMIZA NACHO KICHWA. Mtu akishasoma hivyo, atakosea wapi tena?

Kadi ilisema: "Utafurahi kuona daktari anavyowachezea wote shere mpaka dakika ya mwisho."

Hakuwa daktari, nimebadilisha. Na jina la kitabu silitaji, maana nikilitaja nitakuwa nimewafanyia nanyi yaleyale. Lakini tuseme ni daktari, halafu ujaribu kuendelea kusoma. Daktari anaingia na mkoba wake: ndiye. Daktari anamshika mkono mjane na kumwambia ajikaze: ndiye, tena mnafiki. Kuna sura nzima ambayo mpelelezi anamhoji mtunza bustani kuhusu mundu uliopotea, sura imeandikwa kwa ustadi, unaona kabisa mwandishi alivyohangaika ili umshuku yule mzee wa watu, na mimi nimekaa naisoma kama mtu anayetazama mechi ya jana huku anajua matokeo. Nilimhurumia mwandishi. Kweli kabisa. Alinitegea mtego mzuri, na mtu mwingine akanishika mkono akanivusha pembeni bila kuombwa.

Hata kwenye kitendawili mtu huachwa akafikiri. Akishindwa ndipo anapotoa mji, naye akaupokea mwenye kitendawili kwa madaha, kisha jibu likatoka. Hawa walinipa jibu hata "tega" sijasema.

Nikawaandikia. Sikutukana, niliwaeleza kwa upole kabisa kwamba kadi yao imemwaga mtama, na kwamba ningependa kitabu kingine cha aina hiyohiyo badala yake, au angalau pole. Zikapita siku kama mbili hivi, labda tatu. Jibu likaja, na nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chenyewe:

"Pole dada. Ila kwa uzoefu wetu, msomaji makini hasomi ili ajue nani kaua. Hata hivyo ni kitabu cha likizo tu."

Tu.

Hiyo "pole" nisingeigusa, pole ni pole. Hata hilo la msomaji makini ningelimeza, na maji juu. Lakini hiyo "tu" imenikaa kooni mpaka leo. Nikamjibu: "Kaka yangu, wewe likizo yako unaifanyia nini?" Hakulijibu swali. Akanitumia utafiti.

Nao utafiti upo, sitawasingizia. Watu wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliutoa mwaka 2011. Waliwapa wasomaji hadithi fupi 12, wengine wakaambiwa mwisho kabla ya kuanza na wengine wakaachwa wasome wenyewe, na kwa wastani walioambiwa ndio waliozifurahia zaidi. Zikiwemo za upelelezi. Yule kaka aliniwekea maelezo hayo kama mtu anayepiga muhuri kwenye faili lililofungwa: mteja amefurahi, ila mwenyewe hajajua.

Majibu mazuri huja ukishalala. Lililonijia mimi ni kwamba hizo zilikuwa hadithi fupi! Hadithi fupi unaisoma kikao kimoja, unainuka unaendelea na shughuli zako. Mimi nilikuwa na kitabu nilichokitengea siku tano nzima, nimekipanga kama mtu anavyopanga safari, nikakifungua asubuhi ya kwanza simu ikiwa mbali (haikuwa mbali vya kutosha, tumeshaona). Kisha nikatafuta na kukuta kwamba mwaka 2015 watafiti wengine, Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum, walipima jambo hilohilo wakapata kinyume, kwamba hadithi ambayo mwisho wake umeshatajwa humvuta msomaji kidogo na kumfurahisha kidogo. Nikamtumia. Kimya. Kumbe utafiti ni mtamu ukiwa upande wako.

Nikaona nimpe na The Mousetrap. Hiyo ni tamthilia ya Agatha Christie iliyoanza kuchezwa London mwaka 1952, na watazamaji huombwa mwishoni wasitoke na kumtaja mkosaji nje. Fikirini ni watu wangapi wamepita pale miaka yote hiyo, na bado wanaombwa. Hakuna anayewaambia "ni tamthilia tu". Kimya tena.

Sasa niseme jambo ambalo silipendi. Nilikimaliza kile kitabu. Kwa hasira, lakini nilikimaliza, na mahali fulani kabla ya nusu hasira ikaanza kunichezea. Kuna ukurasa ambapo daktari anaulizwa saa ngapi, anatazama ukutani badala ya kutazama saa yake ya mkononi. Basi. Sentensi moja, imekaa katikati ya maongezi ya watu kuhusu mazishi. Kama nisingejua, ningeipita mbio. Kwa kuwa nilijua, nikasimama, nikarudi nyuma sura mbili, nikakuta saa yenyewe imetajwa, na mahali ilipo si mkononi mwake. Nilicheka peke yangu. Padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika mwaka 1929 amri kumi za riwaya za upelelezi, na ya kwanza ni kwamba mkosaji awe ametajwa mapema, ili msomaji asionewe. Huyu mwandishi alikuwa ametutendea haki kuliko hata Knox alivyotaka. Alituwekea kila kitu mezani.

Kwa hiyo watafiti wa San Diego walisema kweli? Hapana. Yaani, labda kidogo. Lakini raha hiyo ni ya kusoma mara ya pili, na mara ya pili ni haki yangu kuichukua nikitaka, baada ya ile ya kwanza. Wao wameninyima ya kwanza wakanikabidhi ya pili, kisha wakataka nishukuru.

Vile vingine viwili sina mengi. Cha hadithi fupi nakipendekeza kwa yeyote ambaye likizo yake inakatwakatwa na watoto, wageni na foleni: hakuna hadithi iliyozidi kurasa kumi na tano, na ile ya ndugu wawili wanaogawana nyumba kwa kuichora mstari katikati ilinikosesha usingizi. Cha historia nilikiacha bila majuto. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, na ukishavuka umri wa miaka 50, toa miaka yako kwenye 100 ndipo ujue unakidai kurasa ngapi. Nilikipa 50 zake, nikakiweka chini.

Cha nne ndicho kilichovuruga tathmini hii.

Cha nne kilikuwa Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994 ya huyu aliyepata Nobeli mwaka 2021, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Nilikuwa nimeiahirisha miaka. Unajua vile vitabu ambavyo kila mtu anakuambia ni muhimu mpaka unavionea uvivu? Nikajua hiki nitakirudisha rafuni nacho kitanitazama kwa lawama kama vingine. Kadi yake niliifungua kwa jicho moja, mkono tayari kufunika maandishi. Ilikuwa na maneno haya: "Usisome nyuma ya jalada. Anza tu."

Nikaanza tu.

Nitasema kile ambacho kitabu chenyewe kinakuambia mapema: mvulana anaitwa Yusuf, anaondoka kwao na tajiri aliyezoea kuwatembelea, na yeye haelewi kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Zaidi ya hapo sisemi, na sikuwa nimeambiwa. Nilimsindikiza yule mtoto nikiwa sijui kama yeye asivyojua. Kuna usiku mmoja nilisoma mpaka taa za jirani zikazimwa, zikawashwa, nami bado nipo mkao uleule, mguu umekufa ganzi, naogopa kufunua ukurasa na naogopa kutofunua. Sijasoma hivyo tangu utotoni. Na ni wao walionichagulia. Mimi mwenyewe nisingekigusa.

Usiku huohuo nilikuwa nimeshawapa nyota moja. Nikaingia nikaiondoa, nikawapa nne. Nikalala.

Asubuhi nikaziweka kadi mbili pembeni mwa kitanda, ile ya daktari na hii ya Peponi. Mwandiko ni uleule! Ile "t" iliyokatwa kwa mshazari, ule wino wa bluu unaofifia mwishoni mwa mstari. Ni mtu mmoja, na nina hakika ni yuleyule kaka, kwa jinsi anavyoipenda hiyo "tu" yake.

Kumbe anajua! Anajua fika kunyamaza ni nini. Kitabu cha mshindi wa Nobeli alikifunika kwa mikono miwili, hata maneno ya nyuma ya jalada akanizuia. Cha upelelezi akakivua nguo mlangoni, kwa sababu kwake hicho si kitabu, ni kitu cha kushika mkononi wakati unasubiri jua lizame. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kumsamehe. Angekuwa mzembe kwa vyote, ningesema ni mzembe. Lakini amechagua ni siri ya nani ina thamani. Na kati ya vitabu vyote duniani, riwaya ya upelelezi ndiyo inayoihitaji siri yake kuliko nyingine. Peponi ungenitajia mwisho wake ningeumia, lakini ingebaki nyumba ya kukaa. Ile nyingine mlango wake ni huohuo mmoja.

Halafu hili la likizo. Mwaka mzima nasoma vipande: kurasa tatu kabla ya usingizi, mbili kwenye foleni, moja nikiwa nasubiri mtu anayesema yuko njiani. Likizo ndio wakati pekee ninapoweza kumbeba mwandishi asubuhi mpaka jioni bila kumtua. Kama kuna wakati wa kunichagulia kitabu kwa adabu, ni huo. Kitabu cha likizo tu!

Nyota nne nikazishusha mpaka mbili. Sasa hivi nikitazama naona ni tatu, sijui ni nani kati yangu mimi na mimi aliyeibadilisha, na nimeamua kuiacha hivyo mpaka hasira itulie au Peponi ipoe, chochote kitakachotangulia.

Mkiniuliza kama muitumie: kama mnasoma vitabu vizito vya fasihi, itumieni leo, yule kaka ana jicho, sitamwibia sifa yake. Kama ni watu wa upelelezi kama mimi, msiitumie. Au itumieni, ila kadi msiziguse.

Mimi nimeagiza furushi la pili. Najua, najua. Niliandika kwenye fomu, safari hii kwa wino mwekundu, kwamba atakayenitajia muuaji nitamtaja yeye. Limefika juzijuzi, na ndani kuna kimoja cha upelelezi. Kadi sikuigusa, nilimpa mdogo wangu aisome kwanza, aniambie kama ni salama. Akaisoma. Akaigeuza, akasoma na nyuma. Akanitazama, akasema, "Mh!"

"Mh nini?"

"Hamna kitu. Soma tu."

Nipo ukurasa wa 12 na nimeshawashuku watu wote, pamoja na mbwa.