Kahnweiler wa Picasso kwa wachapaji wa Iringa

Duka hili la kuchapa picha na kuzitia fremu, lililo jirani na soko kuu la Iringa, nililipelekea kazi ambayo nilijua ingewapa taabu. Ilikuwa nakala ya picha ya mwaka 1910 ambamo Pablo Picasso alimchora Daniel-Henry Kahnweiler, Mjerumani aliyekuwa na duka la sanaa mjini Paris. Kwa ajili ya wanafunzi wangu wa uchoraji, niliomba ichapwe kwenye turubai kwa ukubwa wa picha halisi iliyoko Chicago, yaani takribani mita 1 kwa sentimita 73.

Kijana wa mashine alipolifungua faili alisema kwa upole, "Mwalimu, picha yako imepasuka, tutafutie nyingine." Hakukosea sana. Picasso huyu, ambaye mwaka 1906 alikamilisha picha ya mwandishi Mmarekani Gertrude Stein akiwa bado ameketi mzima kitini, hapa ameuvunja mwili wa Kahnweiler kuwa vipande vya kahawia na kijivu vinavyoingiliana na mandhari ya nyuma, hata mtazamaji akabakiwa na dalili chache za kushikilia: wimbi la nywele, mnyororo wa saa na, chini kabisa, mikono iliyofumbatana. Dalili hizo zikiondoka, hakuna tena mtu, kuna mistari na vivuli tu.

Ndiyo maana nakala ya kwanza niliikataa. Rangi zilikuwa zimekolezwa hadi kahawia ikakaribia chungwa, na turubai lilikunjwa sentimita tano kuzunguka fremu bila kuachiwa ukingo, hivyo mikono ikapotelea ubavuni. Katika picha ya harusi, sentimita tano za chini ni pindo la gauni. Kwa Kahnweiler ni sehemu kubwa ya kile kilichosalia cha mtu.

Hawakubishana nami. Baada ya siku tatu walinipa nakala ya pili bila kudai nyongeza juu ya shilingi 90,000 nilizolipa, ukingo ukiwa umeachwa na mikono ikionekana, ingawa kijivu bado kina wekundu kidogo. Fremu yenyewe, ya mbao za paini kutoka Mufindi, haina dosari: pembe zimekutana sawasawa na hakuna msumari unaoonekana.

Nitarudi kwao, ila safari ijayo nitaomba kwanza kipande cha majaribio, na kwenye karatasi ya oda nitaandika kwamba rangi zisiguswe.