Mpangaji wa muziki kasahau kwamba midomo ni nyama

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike, zimekataa. Basi naandika nazo hivyo hivyo.

Sisi ni watano wa kanisani, hapa Dar: tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba. Nyimbo za ibada tunazo za kumwaga, tukataka kitu cha kuwashtua watu kwenye tamasha letu. Dogo wa honi akaleta wazo la West Side Story, ule mchezo wa kuimba wa Leonard Bernstein ulioanza Broadway mwaka 1957. Tukachanga, tukanunua mtandaoni mpangilio, yaani muziki ule ule ulioandikwa upya kwa wapigaji watano, kwa bwana mmoja, jina lake nalihifadhi. Bernstein alifariki 1990 na kazi zake bado zina wenyewe, kwa hiyo hatukutaka nota za kuokoteza. Huyu alituonyesha kibali, na nota zake zinasomeka hata kwa taa za ukumbi wetu. Hapo sina neno.

Neno langu ni karatasi ya tarumbeta ya kwanza, yaani yangu mimi.

Jukwaani wimbo unapokezanwa. Tony na Maria ndio wapenzi wa mchezo huo: Tony akiimba, Maria anapumua. Kundi likiitikia, wote wawili wanapumua. Na chini yao kuna okestra ya kubeba mzigo. Huyu bwana kachukua sauti zote hizo, za mabinti na za wahuni wa mtaani, akanitwisha mimi peke yangu. Nilihesabu kwa penseli: baa 94 (vile vipande vya mapigo vinavyogawa nota), na mapumziko yangu yote ukiyajumlisha hayazidi mapigo sita! Siku ya kwanza ya mazoezi, tulipofika ukurasa wa tatu mdomo wa juu ulikufa ganzi. Napuliza, inatoka hewa tupu, fuuu, kama baiskeli iliyochomwa mwiba. Nikashusha tarumbeta, alama ya duara imechimbika mdomoni. Na ni hapo hapo kaniandikia do ya juu kabisa ya mistari, niishikilie baa nne, kwa nguvu zote. Dogo wa honi muda huo ana baa 31 za kimya, anachezea simu.

Nikamwandikia kwa adabu. Kaka, kazi nzuri, ila je, hawezi tarumbeta wa pili kupewa hata kipande? Jibu likaja: mpigaji wa kweli hawezi kuuliza swali kama hilo. Basi. Salamu hakuna, pole hakuna. Mimi nimeanza kupuliza tangu niko darasa la kipaimara, leo nina mjukuu, ndiyo naambiwa si mpigaji wa kweli na mtu niliyemlipa!

Nilitaka kumpa nyota moja niishie hapo. Lakini haki itendeke, kuna ukurasa wa wimbo wa Maria. Zile nota tatu za jina lake, ile ya kati inayokwaruza kabla haijapanda kutulia kwenye ya mwisho, kampa honi, akaweka tuba chini yake polepole na wengine tumenyamaza (ndiyo, mapigo yangu sita mengi yako hapo). Mama anayefagia ukumbi alisimama na ufagio mkononi mpaka tulipomaliza. Kwa hiyo mtu anajua kupanga muziki. Ndicho kinachoniudhi zaidi, maana asiyejua ningemsamehe.

Kwenye wimbo wa America kaweka onyo kwamba mapigo ni magumu, baa moja ni 6/8 na inayofuata ni 3/4, tuhesabu kwa makini. Mzee wa tuba, ambaye kwao ni Mombasa, akaangalia, akacheka. "Kumbe ni chakacha hii!" Akaingia bila kuhesabu chochote, sisi tukamfuata kiuno kwa kiuno.

Mdomo wangu tumeuokoa wenyewe. Tarumbeta wa pili na mimi tunabadilishana karatasi baa ya 50, yeye anapanda, mimi nashuka, nota haijaguswa hata moja. Ilituchukua dakika mbili kulifikiria. Dakika mbili tu, kaka!

Nyota mbili. Au tatu, kwa ajili ya Maria. Nikikumbuka lile jibu, mbili. Ila kama wewe unapiga honi, mpe tano.