Mwongozo wa Kununua Pikipiki ya Bei Nafuu ya Kichina: Lipia Kilichomo Ndani ya Injini

Anayekwenda kununua pikipiki ya Kichina ya bei nafuu huoneshwa kwanza rangi, taa na jina lililoandikwa kwenye tangi, kisha hutajiwa bei, na injini huja mwisho ikiwa namba moja tu: 125, 150, 200 au 250. Mpangilio huo unamnyima habari anayoihitaji kuliko zote. Viwanda vya China ni vingi, lakini jamii za injini vinazofunga kwenye pikipiki za bei ya chini ni chache sana na zinafanana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na mara nyingi tofauti ya bei baina ya pikipiki mbili haiendani na tofauti ya vyuma vilivyomo ndani yake. Mwongozo huu unazipanga injini hizo kwa kuangalia vyuma hivyo: ni kipi kimeongezwa, ni kipi kimebaki vilevile, na kama nyongeza inayodaiwa inastahili kulipwa.

Kuisoma namba ya injini

Kwenye kasha la injini hupigwa chapa ya herufi na tarakimu, kwa mfano 156FMI, ikifuatiwa na namba za mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Herufi F humaanisha kwamba injini hupozwa na upepo wa mwendo, Q kwamba hupozwa na feni yake yenyewe, na M kwamba ni injini ya pikipiki. Herufi ya mwisho hutaja daraja la ukubwa: H ni cc 100 hadi 110, I ni 125, J ni 150, L ni 200 na M ni 250. Pikipiki yenye stika ya 200 ubavuni huku injini yake ikisomeka 162FMJ ni pikipiki ya cc 150, na maelezo yoyote ya muuzaji hayawezi kuibadilisha.

Chapa hiyo ikiunganishwa na vipimo vya ndani, mambo mengi yanakuwa wazi. Injini ya 152FMH ina kipenyo cha milimita 52.4 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, kwa hiyo ile inayoitwa 110 ina takribani cc 107. Ile ya 156FMI ina 56.5 kwa 49.5, yaani cc 124. Ile ya 162FMJ ina 62 kwa 49.5, yaani cc 149. Ile ya 163FML ina 63.5 kwa 62.2, yaani cc 197. Na ile ya 167FMM, ambayo huuzwa kwa jina la 250, ina 67 kwa 65, ambayo ni cc 229 tu.

Msomaji azingatie kwamba 125 na 150 zina mwendo mmoja wa pistoni. Kinachozitofautisha hasa ni silinda, pistoni na ringi zake, na marekebisho kidogo kwenye kichwa cha silinda, vitu ambavyo gharama yake kiwandani haiachani sana. Kwa sababu hiyo, pikipiki mbili za kampuni moja, zenye fremu moja na breki za aina moja, moja ikiwa 125 na nyingine 150, zinapaswa kukaribiana sana kwa bei. Muuzaji anayeziachanisha kwa pengo kubwa anauza stika. Kutoka 150 kwenda 200 hali ni tofauti kabisa: mwendo wa pistoni unarefuka kwa zaidi ya milimita 12, krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ni nyingine, klachi inahitaji kuwa na uwezo zaidi, na nyingi, ingawa si zote, huongezewa shafti ya kusawazisha mtikisiko. Hapo pengo la bei lina sababu ya kuwapo.

Kuna jambo moja ambalo chapa haisemi, nalo ni mfumo wa kufungua valvu. Chapa ya 156FMI yaweza kukutwa kwenye injini yenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) chini, inayosukuma valvu kwa fimbo, na pia kwenye injini yenye kamshafti juu, inayozungushwa na cheni. Ukiona kikaza cheni kimefungwa kwa boliti nyuma ya silinda, pamoja na kifuniko cha mviringo ubavuni mwa kichwa cha silinda, hiyo ni injini ya kamshafti juu. Tofauti hii ndiyo msingi wa mpangilio unaofuata.

Nafasi ya kwanza: injini za fimbo za 125 na 150

Jamii hii ilitokana na Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kupata matengenezo haba. Wahandisi wake waliondoa cheni ya taimingi, wakaiweka kamshafti karibu na krenkishafti ili izungushwe kwa gia, na kuziacha fimbo mbili zipeleke mwendo juu kwenye valvu. Viwanda vya China viliuchukua muundo huo, vikaunakili kwa wingi mno, na leo hakuna injini ndogo ya Kichina iliyo rahisi zaidi kupatiwa spea au fundi anayeijua.

Sababu ya kuiweka ya kwanza ni hiyo, na wala si nguvu yake, kwani injini ya 125 ya jamii hii hutoa takribani kilowati 7 hadi 8, na ya 150 kilowati 8 hadi 9. Anayeitegemea pikipiki kwa riziki hupata hasara kubwa zaidi siku inapolala kwa kukosa kifaa kuliko anayoipata kwa kuchelewa kidogo mlimani. Kichwa cha silinda hufunguliwa na kurudishwa bila kuhangaika na alama za taimingi, na hakuna cheni ya ndani itakayolegea baada ya muda. Uwazi wa valvu, ambao kwenye muundo wa asili ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, hurekebishwa kwa zana chache tu.

Udhaifu wake lazima usemwe waziwazi. Fimbo huongeza uzito unaopaswa kwenda na kurudi, hivyo injini haipendi kuzungushwa kwa kasi sana kwa muda mrefu. Sauti ya valvu husikika hata injini ikiwa nzima. Kubwa kuliko hayo, muundo wa asili hauna chujio la karatasi: oili, ambayo ni takribani lita moja tu, husafishwa na wavu na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kutupa uchafu pembeni. Lita moja ya oili isiyo na chujio la karatasi huchafuka upesi, na kwa kazi nzito ni busara kuibadilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Inunuliwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.

Baina ya 125 na 150, ikiwa pengo la bei ni dogo kama linavyopaswa kuwa, ninashauri 150 kwa anayebeba abiria au mzigo. Pengo likiwa kubwa, inunuliwe 125 na fedha inayobaki iwekwe kwenye tairi na cheni bora.

Nafasi ya pili: 125 yenye kamshafti juu

Bora katika kundi hili ni zile zenye asili ya Suzuki, ambazo huonekana kwa chapa ya 157FMI na zina kipenyo cha milimita 57 na mwendo wa pistoni wa 48.8. Suzuki GN125 ilitoka mwaka 1982, na kampuni ya Haojue, yenye makao yake mkoani Guangdong, ilijenga sifa yake kwa kushirikiana na Suzuki. Injini hizi hutulia katika mwendo wa kasi, hutikisika kidogo, na humfaa sana mtu anayesafiri peke yake kila siku kwenye barabara nzuri. Bei yake huwa juu ya ile ya injini ya fimbo, na kwa matumizi hayo nyongeza hiyo ni halali.

Zimekosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kichwa cha silinda. Kamshafti huzunguka moja kwa moja ndani ya alumini bila beringi, na utando wa oili ndio pekee unaoilinda. Oili ikipungua bila mwenyewe kujua, kinacholika ni kichwa chenyewe, na kukibadilisha ni gharama nzito. Mnunuzi ambaye pikipiki yake itaendeshwa na watu kadhaa, ambao hakuna mmoja wao atakayewajibika kupima oili, aiache injini hii na kurudi kwenye ile ya fimbo.

Nyingine zilizobaki

Injini ya fimbo ya 200 hutoa takribani kilowati 11 hadi 12 na huvuta vizuri ikiwa bado inazunguka polepole, ndiyo maana hufungwa pia kwenye pikipiki za magurudumu matatu. Ninaipa nafasi ya tatu, na kwa mtu wa milima na mizigo ingeweza kuwa ya kwanza, kwa sharti kwamba ina shafti ya kusawazisha. Isiyo na shafti hiyo hutikisa fremu, hulegeza boliti na kumchosha mwendeshaji. Muuzaji asipoweza kuthibitisha kuwa imo, bei ishuke au pikipiki iachwe.

Ya nne ni 110 ya kulala, yaani yenye silinda iliyolala kuelekea mbele, iliyotokana na Honda Super Cub ya mwaka 1958, yenye gia nne na klachi isiyo na mkono. Ni nafuu kuliko zote, hunywa mafuta kidogo na humsaidia anayejifunza, lakini isipewe kazi ya mizigo. Ya tano ni injini za skuta za jamii ya GY6, ambazo huendesha gurudumu kwa mkanda na hazina gia za kubadilisha. Ni starehe mjini, ila mkanda na roli zake ni vitu vya kubadilishwa mara kwa mara, na vumbi na matope huvimaliza haraka.

Ya mwisho ni hiyo 250 yenye cc 229. Ni injini ileile ya fimbo ya 200 iliyopanuliwa hadi karibu na ukomo wake, joto lake ni zaidi, na nguvu iliyoongezeka ni ndogo kulinganisha na bei. Anayetaka 250 ya kweli atafute yenye kamshafti juu na, akiweza, inayopozwa kwa maji, akijua kwamba hapo ameshatoka kwenye kundi la bei nafuu.

Bei imebeba nini

Nje ya injini, bei halali hupanda kwa vitu vinavyohesabika: breki ya diski mbele badala ya ya ngoma, rimu za alumini badala ya spoku, stata ya umeme, na mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Kuhusu huo wa mwisho, China ilianza mwaka 2019 kulazimisha kiwango chake cha nne cha moshi kwa pikipiki zote mpya zinazouzwa ndani ya nchi, na hilo liliondoa kabureta kwenye nyingi ya hizo, ingawa zile za kusafirishwa nje bado nyingi zina kabureta. Mfumo wa kupuliza hupunguza mafuta na kuwaka vizuri asubuhi, lakini pampu na kompyuta yake havitengenezeki kwa bisibisi. Kwa mtu aliye mbali na fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, kabureta bado ni chaguo la akili.

Jina pia lina thamani yake, mradi liwe jina la aliyetengeneza injini. Lifan, Zongshen na Loncin, zote za Chongqing, hutengeneza injini zao wenyewe, na Loncin imewahi kuitengenezea BMW injini. Kampuni nyingine nyingi hununua injini na kuzifunga kwenye fremu zao. Hilo si kosa, lakini jina la kwenye tangi lilinganishwe na lile lililo kwenye kasha la injini kabla ya kukubali kulipia sifa ya kampuni.

Kabla ya kukubali bei, uliza bei ya vitu vinne: silinda na pistoni yake, seti ya sahani za klachi, CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche kwenye plagi), na cheni pamoja na sproketi zake. Ikiwa muuzaji hana hata kimoja na hawezi kusema kitapatikana wapi, unafuu wa pikipiki hiyo utaliwa na spea. Chukua bei ya kununua, ongeza matengenezo unayoyatarajia, toa kiasi ambacho pikipiki itauzwa ikiwa imetumika, kisha gawa kwa kilomita utakazotembea. Hesabu hiyo mara nyingi huipandisha juu pikipiki ambayo haikuwa ya bei ya chini kabisa dukani, na mimi huiamini kuliko bei ya kwenye kibao.

Siku ya kuchukua pikipiki, hakikisha injini ni baridi kabla ya kuwashwa, kwa kuwa iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Sikiliza kama kuna mgongano mzito chini, ambao ni tofauti na ule mlio mwepesi wa valvu. Zungusha usukani polepole ukiwa umeinua gurudumu la mbele ili ujue kama beringi zake zimekazwa sawasawa, na kaza upya boliti za fremu na za injini baada ya safari chache za kwanza, kwani ufungaji wa pikipiki hizi baada ya kutolewa kwenye kreti hutofautiana sana kati ya fundi na fundi. Oili ya kiwandani imwagwe ndani ya kilomita 500 za mwanzo, maana hubeba chembe za chuma za sehemu zinazozoeana, na mwendo wa kasi ya juu usubiri hadi kilomita 1,000. Namba iliyo kwenye kasha la injini na ile ya fremu zisomwe kwa macho yako na kulinganishwa na karatasi, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya fedha kutoka mfukoni.