Pampu ya kisima, jenereta na chenjiova: uzoefu wangu wa Kigamboni

Pampu ya kisima changu ina nguvu ya farasi moja na nusu, yaani kilowati 1.1, nayo imezamishwa mita 45 chini ya uwanja wa nyumba yetu ya Kibada, Kigamboni. Hupandisha maji kwenye simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, na likijaa familia yetu hulitumia siku tatu, au nne tukibana sana. Katika mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 ndipo nilipolazimika kutafuta namna ya kuiendesha pampu hiyo kwa jenereta. Naandika kuhusu kazi ya kufunga chenjiova, yaani swichi ya kubadilisha kati ya umeme wa shirika la TANESCO na wa jenereta, niliyofanyiwa baadaye na mkandarasi mwenye leseni, lakini nitaanza na kile kilichofanyika kabla yake, kwa sababu bila hicho huwezi kuona nililipia nini.

Fundi wa kwanza, niliyeelekezwa na watu wa mtaani, alinitengenezea waya wenye plagi dume kila ncha. Ncha moja ilichomekwa kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya jikoni, umeme ukaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Sharti lake lilikuwa kuzima meni swichi kabla ya kuwasha jenereta. Nililishika sharti hilo kwa wiki kadhaa, hadi usiku mmoja nilipolisahau. Jenereta lilinguruma kwa sauti nzito kama gari linalopanda mlima na mzigo, taa za sebuleni zikawa nyekundu, kisha likazima. Nilikuwa bado nimeshika kamba ya kuliwasha tena jirani alipogonga geti akiuliza kama umeme umerudi, maana taa yake ya barazani imemulika kidogo na kuzimika.

Jenereta langu la kilovolti-ampea 2.5 lilikuwa limejaribu kuulisha mtaa mzima. Lililemewa, na hiyo ndiyo ilikuwa salama yetu. Transfoma inayoshusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi 230 za nyumbani haijui umeme unatoka upande gani: ukiupeleka kinyume, huupandisha. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa angeweza kukutana na umeme wangu. Tena hiyo ilikuwa hatari ya mbali tu. Ya karibu ilikuwa kwamba plagi ile ikichomoka ukutani jenereta likiwaka, vijiti vyake vinabaki na umeme, wazi, kwenye sakafu ya jiko lenye watoto.

Mkandarasi niliyempata baadaye nilimwomba leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kabla ya kumwomba bei, naye hakuona ubaya. Leseni hizo hutolewa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na kufunga umeme bila leseni ni kinyume cha Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Alikuja siku mbili baada ya tuliyokubaliana, jambo lililoniudhi, lakini alipofika hakugusa bisibisi kwa karibu saa nzima. Alifungua boksi la pampu lililo ukutani, akanionyesha kepasita ya kuanzishia, kile kifaa kinachoisukuma mota ianze kuzunguka, ikiwa imevimba tumboni kama kopo la nyanya lililoharibika, kisha akaweka klampu mita, kipimo cha ampea kinachoushika waya kwa nje, kwenye waya na kuiwasha pampu kwa umeme wa TANESCO. Ikiwa imeshika kasi, pampu ilikula ampea 8.6. Katika nukta ile ya kuanza, mita ilishika kilele cha zaidi ya ampea 40.

Namba hizo mbili ndizo zilizonipa jibu ambalo duka lililoniuzia jenereta halikunipa. Muuzaji alikuwa amezidisha ampea tisa kwa volti 230, akapata kama wati 2,000, akaniambia la 2.5 linatosha. Linatosha kuiendesha pampu ikiwa imeshazunguka. Kuiamsha ni habari nyingine, kwa sababu mota iliyosimama humeza umeme mara nne au tano ya ule inaoutumia ikizunguka, na jenereta dogo likizidiwa, volti hushuka, mota hushindwa kuinuka, nayo kepasita ya kuanzishia hubaki kwenye mzigo kwa sekunde nyingi badala ya moja. Ya kwangu ilivimba hivyo. Ushauri wake ulikuwa jenereta lenye uwezo endelevu, yaani ule linaoweza kuutoa muda wote, usiopungua kilowati tano kwa pampu hiyo, akasisitiza nisome neno endelevu kwenye kibandiko na nisitazame ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni kwa rangi ya kung'aa. Nilinunua la petroli Kariakoo, tukalivusha Daraja la Nyerere kwa kirikuu.

Chenjiova yenyewe nayo ilikuwa na mjadala. Dukani nilipewa ya bei nafuu inayokata waya wa moto peke yake, na mkandarasi akairudisha akitaka ya ampea 63 inayokata vyote viwili, waya wa moto na nyutro, ule unaorudisha umeme. Kishikio chake kina nafasi tatu: moja ni TANESCO, sifuri ni kuzimwa kabisa, mbili ni jenereta. Kwa muundo wake wa chuma hakiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo usalama hautegemei tena kumbukumbu yangu saa saba za usiku. Nyutro nayo ikikatwa, hakuna uzi wowote unaobaki ukiunganisha jenereta langu na nguzo ya mtaani.

Hakuiweka kwenye umeme wa nyumba nzima. Alifunga boksi dogo jipya kando ya lile kubwa, akahamishia humo pampu, friji, na taa za ukumbini na jikoni tu. Kwanza nililalamika, kwa kuwa nilitaka na pasi. Akaniuliza ni nani atakayekumbuka kuzima pasi kabla pampu haijaanza. Nikanyamaza. Pampu imepewa breka yake ya ampea 16, ya aina inayovumilia mshtuko wa kuanza, na waya wa milimita 4 za mraba hadi kwenye boksi lake. Nje, chini ya upenu, kuna soketi ya bluu ya viwandani ambayo vijiti vyake vimezama ndani ya ukuta, na kamba ya jenereta ina upande wa kike. Ikichomoka, ncha yenye umeme ni ile yenye matundu. Plagi dume ya zamani aliikata kwa koleo mbele yangu.

Sehemu niliyoithamini zaidi ni eethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ambayo mafundi wengi huipita. Jenereta dogo la kubebeka mara nyingi hutoka kiwandani nyutro yake ikielea, haijaunganishwa na bodi, yaani mwili wake wa chuma, wala ardhi. Katika hali hiyo ile breka ya RCD, inayotakiwa kukata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu, haina njia ya kuuona uvujaji. Nilibonyeza kitufe chake cha majaribio na kikakata, nikadhani mambo ni sawa. Mkandarasi akaniambia kitufe hicho hupima breka yenyewe tu, hakipimi njia ya eethi. Akachomeka kipimo chake kwenye soketi: breka haikukata. Akaunganisha nyutro ya jenereta na bodi lake, na bodi na nondo ya eethi aliyoichimbia hatua mbili kutoka lilipo, akapima tena, breka ikakata kwa milisekunde 28. Kipimo kile kilichukua dakika tano, na kama nisingekishuhudia, ningeishi miaka nikiamini nina ulinzi ambao haupo.

Siku ya kukabidhi, jenereta bila mzigo lilitoa volti 236. Pampu ilipoanza zilishuka hadi karibu 180 kwa sekunde moja, zikarudi 228 na kutulia. Utaratibu alioniachia ni kuliacha jenereta lipate moto kama dakika tatu, kisha kugeuza kishikio friji ikiwa imezimwa, pampu ianze peke yake, ndipo friji ifuate. Tangi hujaa kwa muda usiofika saa moja na nusu, na baada ya hapo nazima kila kitu. Jenereta linakaa nje mita sita kutoka dirisha la karibu, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Nilitumia shilingi 640,000 kwa vifaa na ufundi, bila jenereta. Waliofanya kama mimi mwanzo watasema ni nyingi, nami nilisema hivyo hivyo. Malalamiko yangu ni mawili. Mbali na kuchelewa, aliondoka bila kuandika chochote kwenye boksi dogo, nikalazimika kubandika mwenyewe vipande vya karatasi vinavyoonyesha breka ipi ni ya nini na kishikio kiende wapi. Pia kofia ya ile soketi ya bluu haikazi vizuri, na mvua za masika za mwaka 2024 zilipopiga kutoka baharini nilikuta matone kwenye vijiti. Nimeiwekea kibati cha kuikinga. Akirudi kupima nondo ya eethi, kama tulivyokubaliana afanye kila mwaka, nitamtaka aibadilishe soketi hiyo.