Tyuna ya mjomba: haikuharibika, iliharibiwa

Mjomba alikuwa baharia, na kati ya vitu alivyoshuka navyo bandarini Tanga ni tyuna, yaani kifaa cha kunasa stesheni za redio kinachochomekwa kwenye amplifaya, aina ya Sansui TU-717, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Uso mweusi, mita mbili za sindano, na kitufe cha kutafutia stesheni ambacho ukikisukuma kidogo kinaendelea kuzunguka chenyewe. Aliponipa ilikuwa inakoroma. Radio One, ambayo hapa Dar ipo 89.5, niliipata sindano ikiwa karibu na 90, na baada ya nusu saa inahama. Taa ya stereo haiwaki, spika ya kulia inanong'ona.

Fundi wa kwanza alinishauri niitupe, ninunue sabufa. Wa pili, Kariakoo, aliifungua mbele yangu, akaiinamia kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kaka, hii haijaharibika. Hii imeharibiwa."

Akanionyesha. Penye fyuzi pamefungwa uzi wa shaba ulionyofolewa kwenye waya wa umeme. Nilipokumbuka kwamba huwa naiacha ikiwaka usiku kucha, nilikaa chini. Pembeni ya koili za kupokelea mawimbi, mtu alibandika bodi ndogo ya bluetooth kwa supagluu na kuivutia umeme kutoka kwenye transista inayotuliza volti za tyuna. Kumbe bodi zile zina kelele zake, na hapo ilipo kelele yote inaingia FM. Isitoshe, transista ilizidiwa mzigo, ikapata joto mpaka bodi ikawa kahawia, volti zikawa zinashuka. Stesheni zitaacha kuhama?

Halafu filta za MHz 10.7, vichujio vinavyopitisha stesheni unayoitaka na kuzuia za jirani. Hizi huwekwa alama ya rangi kwa sababu zinatakiwa kulingana. Ndani ya yangu moja ilikuwa na rangi yake peke yake, kama mgeni aliyekosea harusi. Kapasita ya upande wa kulia iliwekwa kinyume, chanya mahali pa hasi. Kubwa kuliko yote, viini vya koili, ambavyo huzungushwa kidogo kidogo kuziweka koili kwenye mawimbi yake, vilikuwa vimekazwa hadi mwisho kwa bisibisi. Nadhani mhusika aliona vimelegea.

Kilichonifurahisha ni kwamba fundi huyu wa Kariakoo hakuongeza chochote cha ujanja. Aling'oa, akarudisha fyuzi halisi, akabadilisha kapasita zote za umeme akizingatia volti zilizoandikwa kwenye mchoro, akatafuta filta za rangi moja. Vyote alivyotoa alinikabidhi kwenye mfuko wa nailoni, bila mimi kuomba. Nimelipa 30,000 za kufungua na kupima, kisha 95,000 kazi na vifaa. Kwa kazi ile sioni kama nimepunjwa.

Lawama ninazo. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, na wiki ya pili simu alikuwa hapokei. Skrubu mbili za kifuniko zimepotea. Na hana mashine ya kutoa mawimbi ya kupimia, kwa hiyo koili alizirekebisha kwa sikio na kwa kuangalia mita, akitumia stesheni za mjini. Kwa stesheni zenye nguvu huwezi kugundua, 89.5 sasa iko 89.5, na taa ya stereo inawaka papo hapo. Ukibonyeza kitufe cha kubana mawimbi ili kupata stesheni ya mbali, hapo sauti inakwaruza kidogo. Mwenyewe alikiri kabla sijasikia, na hilo nimempa alama.

Imebaki balbu moja ya kioo cha namba, upande wa kushoto. Alitaka kuweka taa nyeupe ya kisasa, nikakataa, maana ile ya zamani ina mwanga wa njano. Amesema kuna redio mbovu anayotegemea kutoa balbu kama hiyo. Jumamosi napita kuangalia.