Noah yangu imefanyiwa ovahoo mara mbili: uzoefu wangu na gereji moja ya Nyakato, Mwanza

Ndani ya miezi mitano Noah yangu imeshushwa injini mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua kila kitu kipya: ringi, beringi, gasketi, mpaka pampu ya oili. Haikumaliza kilomita 2,000. Siku hiyo nimetoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa naelekea Magu, nafika Igoma naona taa ya oili inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nikajipa moyo kwamba ni waya. Kabla ya Kisesa injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga kisamvu humo ndani.

Aliyeifunga mara ya kwanza simtaji. Alisema nimeendesha vibaya, yakaishia hapo.

Jamaa mmoja wa pale sokoni akanielekeza gereji ya Nyakato, ndani ndani, ukitoka barabara kubwa. Kwa nje haina cha kukuvutia, mabati tu na mwembe. Ila fundi aliposhusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, aliniita. "Mama, njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuhadithia." Pale chini kuna wavu mdogo ambao pampu inafyonzea oili. Nusu yake ilikuwa imezibwa na nyuzi za matambara pamoja na vipande vya silikoni nyekundu, vimejikunja kama minyoo. Yule wa kwanza aliipaka silikoni kwenye ukingo wa sampo kama anapaka siagi kwenye mkate. Ikibanwa, inayozidi inatokezea ndani, ikikauka inakatika na kuanza kusafiri.

Halafu akanipa beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye mikwaruzo. Akaniuliza bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ilioshwa na nini baada ya kuchongwa. Nikamwambia petroli, maana niliona kwa macho yangu. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Petroli inaondoa mafuta tu, alisema, lakini vumbi la jiwe la kusugulia silinda linabaki limejificha kwenye mikwaruzo, injini ikiwaka oili inaliokota na kulipeleka kwenye beringi. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni.

Mimi nikadhani utani. Kesho yake nakuta sufuria kubwa jikoni, mkaa umekolea, na kijana ana brashi anasugua silinda moja moja kama anaosha chupa za mtoto. Tundu za kupitishia oili zilikuwa na brashi zake nyembamba, kisha zikapulizwa kwa kompresa. Fundi mwenyewe akawa anapitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudia. Walirudia mara nne. Kilipotoka cheupe wakapaka oili safi hapo hapo, kwa sababu chuma kitupu kikibaki na maji kinashika kutu kabla hujamaliza soda. Usiku bloku ililala ndani ya nailoni, na mdomo wake umefungwa. Kwa vumbi la Nyakato wakati wa kiangazi, hicho kitu peke yake kilinifanya nimwamini.

Nilimuuliza swali ambalo na wewe labda unalo: sasa filta kazi yake nini? Kumbe filta imekaa baada ya pampu, kwa hiyo pampu ndiyo inayokula uchafu kwanza. Tena ndani ya filta kuna vali, kama kilango kidogo. Filta ikiziba, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwani afadhali beringi zipate oili chafu kuliko kukaukiwa kabisa.

Siku ya kuwasha alikata mafuta kwanza, akapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazima, ndipo akairuhusu iwake. Ikanguruma dakika 20, akaizima, akamwaga oili yote pamoja na filta. Oili ya siku hiyo hiyo! Roho iliniuma, galoni nimetoka kuinunua. Alinikataza ile ya kupimiwa kwenye pipa, akataka 20W-50 ya kawaida yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, basi. Aliichana filta kwa kikatio chake, kwa kuwa msumeno unaacha chenga zake na kukudanganya. Akaitandaza karatasi ya ndani juani. Kulikuwa na unga unaong'aa kama wa kwenye kadi za harusi. Huo akasema ni wa kawaida kwa injini iliyotoka kufungwa, angeona magamba ndiyo angeshtuka. Tukabadilisha tena kwenye kilomita 500, unga ukawa mdogo. Kwenye 1,500 sikuona kitu.

Oili chafu yote iliingia kwenye dumu, kuna watu wanakuja kuichukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Nimeona gereji zinazomwaga mferejini, na mifereji ya mjini inajulikana inaishia ziwani. Dagaa wangu wanatoka huko huko.

Sasa kasoro. Waliniahidi siku 4, nikakaa siku 9 nakodi gari la watu. Ufundi ni 480,000 wakati yule wa kwanza alichukua 350,000, na hesabu yangu iliandikwa juu ya boksi la filta, risiti hakuna. Kubwa zaidi ni hili: baada ya usafi wote ule, nikamkuta dogo anajaza oili kwa faneli ya chupa ya maji iliyokatwa, ameiokota chini, ina mchanga mdomoni. Nilipiga kelele mpaka jirani wa vitumbua akaja kuangalia. Fundi alimfokea, wakaiosha, lakini nisingekuwepo je?

Gari leo imepita kilomita 6,000. Kila Jumamosi nachomoa kijiti cha oili na kukifuta kwenye tishu, naangalia kama kuna chenga au rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji. Mpaka sasa hakuna.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano ninayo, nitawapa wakinunua faneli.