TAHADHARI: Asidi ya "0.1 M" inayouzwa mashuleni Mtwara na Masasi

Walimu wenzangu wa kemia, kuna muuzaji anazunguka na pikipiki kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi. Anauza asidi hidrokloriki iliyozimuliwa tayari, dumu la lita tano, lebo "0.1 M", yaani ukali wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Mimi nilinunua moja kwa sh. 60,000. Tafadhali msimpe hela.

Aliyenishtua ni binti wa kidato cha nne. Alirudia taitresheni (kupima ukali wa asidi kwa kuidondosha kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo) mara tatu, kila mara anapata ml 31.2 badala ya 25, machozi yakaanza kumlengalenga akidhani mkono wake ndio mbovu. Nikaingia maabara mwenyewe. Nikapima gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu, nikatengeneza lita moja, nikavuta ml 25 kwa pipeti, nikadondoshea methili oranji, rangi inayobadilika asidi ikitosha, kisha nikaanza kuitia asidi ile. Asidi ya 0.1 M ingemaliza kazi kwenye ml 25. Rangi ilibadilika kwenye ml 31.2; imehitajika nyingi zaidi kwa sababu ni dhaifu, yaani ile ni 0.08 M. Mtoto hakuwa na kosa lolote.

Nilipompigia muuzaji akajibu: "Mwalimu, hilo joto la Mtwara, dawa imetanuka."

Msikubali jibu hilo, maana lina ukweli kidogo ndani yake na ndiyo linavyopita. Molariti ni moli kwa lita, na lita hutanuka kwa joto. Ndiyo sababu chupa zetu za kupimia zimeandikwa 20 °C. Lakini lita ya maji ikitoka nyuzi 20 hadi 32 inaongezeka kama ml 3 tu. 0.1 inakuwa 0.0997, tone moja au mawili kwenye bureti. Hata ukiipasha hadi nyuzi 80 inabaki 0.097. Ili ishuke hadi 0.08, kila lita ingebidi iwe lita moja na robo, na dumu lingepasuka njiani. Na kama angesema kizibo kililegea, maji yakiruka asidi hiyo huzidi ukali, haipungui.

Kabla ya kulipa, pimeni kwa kaboneti mbele yake. Mwombeni pia cheti cha usajili cha Mkemia Mkuu wa Serikali. Mimi aliniambia kimebaki Dar.

Lita tatu zilizobaki nimezifungia maabara. Mwenye shaka aje na bureti yake tupime pamoja kabla mitihani ya vitendo haijaanza.